Kitanda cha Bibi na Rangi ya Boti

Jumamosi, 5 Agosti 1961

Nimefagia uwanja, nimechota maji ndoo nne, nimemwogesha Saidi. Ana miezi sita. Hulia akitolewa majini, halafu husahau. Baba yuko barazani na cherehani tangu asubuhi, anashona maturubai ya boti.

Leo fundi seremala amekuja kukikata kitanda cha Bibi.

Bibi alimzaa Baba na Shangazi Mwanne. Alifariki mwaka jana. Kitanda alikuja nacho kutoka Ujiji alipoolewa, miguu minne ya kukereza, mbao nyeusi nzito. Alikilalia miaka arobaini na alifia juu yake. Kwetu kitanda alichofia mtu hupewa yule aliyeosha maiti. Baba hakukitoa. Alisema mbao kama zile hazipatikani tena. Mwaka mzima kimeegemea ukuta wa ua, kamba zimelegea, kuku wanalala chini yake.

Wazo la kukifanya kitanda cha Saidi lilikuwa langu. Mwalimu Agnes ametufundisha kwamba mtoto alale peke yake, juu, mbali na vumbi, na kitanda kiwe na kingo asianguke. Nilimchorea Baba kwenye karatasi. Aliitazama karatasi muda mrefu, akasema, "Msomi wetu."

Shangazi hakutoka chumbani. Msumeno ulipoanza nilimsikia akisema, si kwa sauti kubwa, "Mnamkata mama miguu."

Baba ameagiza tusimwambie mtu wa nje. Mtaani kwetu Mkuyuni watu wana maneno.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimepeleka turubai kwenye karakana ya boti. Mzee Kondo alikuwepo. Ndiye mpaka rangi wao. Huandika majina ya boti na kuchora maua puani mwa boti hizo. Ni Mzaramo, na kwa kuwa Mama ni Msukuma wa Magu, ananiita mtani. Nilipomwamkia shikamoo alisema, "Marahaba, mtani. Leo umeoga au umepita tu karibu na ziwa?"

Mkono wake wa kulia umelegea kifundoni, unaning'inia kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Hufunga brashi kwenye mkono kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ndipo anapaka. Mistari yake hata hivyo imenyooka kuliko yangu ya rula.

Nilimwomba rangi iliyobaki. Akauliza ya nini. Nikasema ya kitanda cha bibi yangu. Akauliza kama bibi yangu anapenda nyekundu. Nikasema ndiyo. Sikusema amekufa. Sikusema kimekatwa. Huo ni uongo na nauandika hapa ili nisiusahau.

Alinipa kopo la maziwa limejaa nyekundu, ile wanayopaka tumbo la boti kabla ya rangi nyingine, na nyeupe kidogo, na manjano kidogo sana. Alinionya mara mbili. Nisilambe kidole. Ninawe kwa sabuni kabla ya kula. Akainua ule mkono akasema yeye ujanani hakunawa, sasa mkono haumsikii.

Nimenawa mara tatu.

Alhamisi, 10 Agosti

Kazi ya siku tatu. Kwanza nilikwangua mbao kwa kipande cha chupa hadi zikawa laini. Halafu nyekundu, mara mbili. Leo maua.

Nimepata njia yangu mwenyewe. Nilichukua kanga ya Bibi yenye michoro ya korosho, nikaweka karatasi juu ya pindo nikaifuatisha kwa penseli. Kisha nikaipitisha karatasi kwenye cherehani ya Baba bila uzi, sindano ikatoboa matundu juu ya mstari wote. Nikaibandika karatasi kwenye mbao nikaipigapiga kwa kitambaa chenye unga wa mkaa. Ilipotoka, korosho zote zilikuwa pale, kwa nukta. Nikazijaza kwa nyeupe. Mistari myembamba nimechora kwa unyoya wa kuku.

Baba alisimamisha cherehani akaja kutazama. Mama alisema sasa Saidi atalala kama mtoto wa liwali.

Shangazi alipita kwenda chooni. Alitazama upande wa pili.

Jumapili, 20 Agosti

Rangi imekauka. Fundi amesuka kamba mpya. Saidi amelazwa.

Majirani wamekuja kuona. Hakuna aliyetambua kwamba ni kitanda cha Bibi. Mama Fatuma wa nyumba ya pili alitaka kujua kimenunuliwa duka gani. Nilifurahi mno. Nataka kuandika ukweli: nilifurahi kuliko nilivyofurahi nilipopewa daftari hili kwa insha yangu. Mwalimu Agnes alisema wakati ule, andika kila siku ulichokiona, usiandike ulichosikia. Nilichokiona leo ni mtoto safi katika kitanda kizuri.

Jumamosi, 2 Septemba

Saidi anaota meno. Ufizi umevimba. Anang'ang'ania ukingo wa kitanda, anajivuta hadi anasimama, anaweka mdomo juu ya mbao na kuguguna. Mate yanashuka mekundu kidogo. Mama alishtuka akidhani ni damu. Nilimwonyesha kwamba ni rangi tu.

Mabaka mawili yametokea kwenye ukingo. Korosho moja imekatika mkia.

Jumapili, 3 Septemba

Nimeyapaka mabaka. Kimekuwa kama kipya. Nimenawa.

Jumatano, 20 Septemba

Kazi shuleni ni nyingi. Mtihani wa darasa la nane ni mwezi wa Novemba. Wasichana watatu tu wa darasa letu wamebaki. Mwalimu Agnes anasema ninaweza kwenda shule ya bweni Tabora nikishika hesabu.

Saidi hanyonyi vizuri. Hajapata choo siku nne. Hulia akikunja miguu tumboni. Usoni amekuwa na rangi ya majivu.

Ameguguna tena palepale. Nimepaka tena, mara mbili, ili ishike zaidi.

Jumanne, 3 Oktoba

Mama amempeleka zahanati. Amepewa dawa ya tumbo, ya chupa. Shangazi kwa upande wake amemleta maalimu, ameandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ameiosha kwa maji na Saidi amenyweshwa. Kwa hiyo amekunywa dawa mbili siku moja. Ameitapika ya zahanati. Ya maalimu pia.

Baba anacheka kidogo mambo ya Shangazi. Mimi pia. Sicheki mbele yake.

Ijumaa, 13 Oktoba

Ugomvi nyumbani. Kila Ijumaa baada ya sala Shangazi humsomea Bibi, anakaa mkekani na tasbihi aliyoachiwa na Bibi, ya mbegu nyeusi. Leo alipomaliza alikuja barazani akasimama mbele ya cherehani.

"Kitoke," alisema.

"Nini kitoke, dada?"

"Unajua. Mama hajaridhika. Kitanda chake kilikuwa haki ya aliyemwosha, mkakikata, mkakipaka rangi kama ngalawa. Mtoto anakauka mnamwona. Kitoke nyumbani."

Baba alisema mbao ni mbao. Nilikuwa nikipiga pasi. Sikuulizwa lakini nilijibu. Nilisema kitanda hakina hasira, Shangazi, tumesoma kwamba maradhi yana sababu zake. Shangazi alinitazama kuanzia miguuni. Akasema, "Tatu, umeota pembe."

Mama alimchukua Saidi kutoka kitandani akampa Shangazi. Atalala chumbani kwake, mkekani.

Nimeona aibu. Si kwa sababu ya maneno yangu. Kwa sababu kazi yangu yote imeachwa tupu pale na kuku mmoja amepanda juu yake.

Jumapili, 22 Oktoba

Saidi amecheka leo. Ni mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Amepata choo. Amenyonya.

Shangazi amempeleka Mama Fatuma akakione kitanda, akamweleza kila kitu. Sasa mtaa mzima unajua.

Jumamosi, 28 Oktoba

Wanafunzi wenzangu wameniuliza kama ni kweli nimechora maua kwenye kitanda cha maiti.

Jumatatu, 6 Novemba

Nitaandika nilivyofanya. Jana Shangazi alikwenda Kiseke kwenye arusi ya watu wake, atakaa wiki mbili. Jioni nilimwambia Baba kwamba Saidi amepona kwa dawa ya zahanati, maana dawa huchukua siku kufanya kazi, na kwamba kulala chini kutamletea viroboto na mafua. Nikamwonyesha daftari langu la maarifa ya nyumbani, ukurasa wenye picha. Nikasema tukikiacha kitanda, watu watasema Shangazi alikuwa na haki.

Baba aliweka sindano mdomoni kama anavyofanya akifikiri. Halafu akamwambia Mama, "Msomi amesema."

Mama alisitasita. Baba akamwambia, "Mtoto huyu ndiye atakayetutoa gizani, sisi hatujui kitu."

Saidi amerudishwa.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepitisha rangi ukingo mzima kabla mtu hajaona mabaka mapya ya meno. Kopo limeisha. Mzee Kondo amenipa jingine. Aliuliza, "Bibi bado anataka nyekundu tu?" Nikasema ndiyo. Amenionya tena kuhusu kunawa. Nimenawa.

Jumamosi, 18 Novemba

Tumemaliza mtihani jana. Hesabu nilizijua zote isipokuwa moja. Nilitoka chumba cha mtihani nikaona ziwa jeupe kama sufuria mpya, nikafikiri, nitakwenda Tabora.

Baba ameacha maturubai. Anashona bendera na vitambaa vya kupamba barabara kwa ajili ya Uhuru. Nyumba imejaa vipande vya kijani. Saidi amekalishwa katikati yake.

Hakai vizuri kama zamani. Anaangukia upande.

Alhamisi, 23 Novemba

Anatapika. Mama anamwita kwa Kisukuma, ng'wanone, ng'wanone, mwanangu. Saidi anamtazama kama mtu aliye mbali.

Shangazi amerudi. Alimkuta Saidi kitandani. Hakugombana na mtu. Alikaa chini akavua viatu vyake vya arusi, akaviweka sawasawa, akasema, "Basi."

Jumatano, 29 Novemba

Asubuhi Saidi ameshikwa na degedege. Mikono ikakaza, macho yakaingia ndani. Mama akamfunga mgongoni vile vile akakimbia. Nilikimbia nyuma yake na chupa ya maji. Tumefika hospitali jua likiwa bado chini.

Daktari ni kijana, mpole. Aliuliza maswali mengi. Amekula nini. Amewahi kunywa mafuta ya taa. Hutia nini mdomoni. Mama alisema huokota udongo kama watoto wote. Daktari alinigeukia mimi. Nikasema ndiyo, udongo.

Degedege limerudi mara mbili kabla ya adhuhuri.

Alhamisi, 30 Novemba

Mama amebaki hospitali. Ninapika mimi. Shangazi hali chakula. Amekaa mbele ya mlango wa chumba cha Mama na anakitazama kitanda.

Ijumaa, 1 Desemba

Baba alinituma karakana kupeleka turubai la mwisho. Nilikwenda kwa kuwa sikuweza kukaa.

Mzee Kondo alikuwa chini ya boti amelala chali, anapaka tumbo lake. Rangi ileile. Alisema, "Mtani, mbona leo uso umekunjwa kama nguo ya Msukuma? Bibi amekufa?"

Nikasema Bibi alikufa mwaka jana.

Alitoka chini ya boti. Nikamwambia yote. Kwamba kitanda kilikatwa, kwamba ni cha mtoto, kwamba yuko hospitali. Aliuliza swali moja tu, kama mtoto ana meno. Nikasema anaota, na anaguguna ukingo.

Alikaa juu ya kopo. Alifungua ule mpira wa baiskeli, brashi ikaanguka mchangani, hakuiokota. Akasema ndani ya rangi ile mna risasi, ile wanayoyeyusha wavuvi na kuitia kwenye nyavu ili zizame. Ndiyo iliyoingia mkononi mwake. Kwa mtu mzima huchukua miaka. Akasema, "Ni tamu. Ndiyo ubaya wake. Ukiionja ni tamu kidogo." Kisha akasema, "Ungeniambia ni ya mtoto."

Aliendelea kusema hivyo hata nilipoondoka. Nilimsikia hadi kwenye mawe ya barabarani.

Nilikimbia hospitali bila kupita nyumbani. Nilimwambia daktari mbele ya Mama. Alifungua mdomo wa Saidi, akatazama ufizi kwa tochi penye vile vijino viwili. Kulikuwa na mstari wa samawati. Nami niliuona. Akasema nimefanya vema kumwambia, na kwamba watajaribu. Mama alikuwa amemshika Saidi mguu. Hakunitazama.

Jumapili, 3 Desemba

Saidi amefariki saa tatu asubuhi.

Jumatatu, 4 Desemba

Amezikwa jana alasiri, karibu na Bibi. Baba alimbeba mwenyewe mikononi. Hakuna jeneza kwa mtoto mdogo namna ile.

Leo watu wamejaa uani. Mzee Kondo alikuja amevaa kanzu safi. Watani huja msibani kutania, ndiyo kazi yao, hulala kwenye njia, huiga sauti ya marehemu, watu hucheka wakati bado wanalia. Wanawake wa Magu, ndugu zake Mama, walimngoja aanze. Alikaa mkekani na mkono wake umelala mapajani. Mmoja wao alimchokoza, "Mzaramo, leo umemeza ulimi?" Akala tonge moja, akaondoka.

Jumanne, 5 Desemba

Baba ameniita nyuma ya nyumba. Mama amemweleza. Hakunipiga. Ningependa anipige.

Alisema jambo hili linajulikana na watu wanne tu mbali nami, yeye, Mama, daktari na Mzee Kondo, na litabaki hapo. Nisimwambie Shangazi. Majibu ya mtihani yakitoka nitakwenda Tabora, na jina langu lisinifuate. Watu wamekwisha kusema ni Bibi aliyemchukua mtoto kwa ajili ya kitanda. "Waache waseme," alisema. "Mama yangu amekufa. Maneno hayamuumizi."

Nilikubali. Nilihisi nafuu. Ni aibu lakini ndivyo nilivyohisi.

Alhamisi, 7 Desemba

Mama amekwenda Magu kwa mama yake. Aliniaga kwa kunifunga kilemba vizuri, kilikuwa kimelegea.

Jumamosi, 9 Desemba

Uhuru. Mizinga, ngoma, watoto wa shule wamepewa soda na mikate. Vitambaa vya Baba viko kwenye nguzo zote hadi bandarini. Kijani, nyeusi, dhahabu. Alivimaliza Jumatano, msiba ukiwa bado uani, kwa sababu aliahidi.

Niliandamana na shule. Mwalimu Agnes alinishika bega akasema nchi hii itahitaji wasichana waliosoma. Niliitikia. Nilitazama vitambaa. Kimoja kilikuwa na alama ya uteute pembeni, mahali Saidi alipokalishwa juu yake. Labda si kile. Labda nilitaka kiwe kile.

Ijumaa, 15 Desemba

Ijumaa iliyopita Shangazi hakumsomea Bibi. Nilidhani ni kwa ajili ya msiba. Leo pia hakusoma. Baada ya sala alikaa tu. Nikaona ameviringisha tasbihi ya Bibi ndani ya kitambaa na kuisokomeza chini ya magunia ya mkaa. Nikamuuliza kwa nini.

Akasema, "Nimsomee mtu aliyekula mjukuu wake?"

Alisema hivyo kama anayesema chumvi imekwisha. Halafu akasema jambo jingine, kwamba yeye ndiye aliyemfumba Bibi macho, na tangu Jumapili ile anayaona yale macho na anayaogopa. Maisha yake yote hajawahi kumwogopa mama yake.

Maneno hayamuumizi Bibi, alisema Baba. Hakumfikiria huyu.

Nilikwenda kuleta daftari hili. Shangazi anasoma Kurani lakini hasomi herufi za shule. Nilikaa mbele yake nikamsomea. Tarehe 7 Agosti. Tarehe 2 na 3 Septemba. Tarehe 6 Novemba nilisoma polepole, neno kwa neno, pale niliposema watu watasema Shangazi alikuwa na haki. Kisha tarehe 1 Desemba.

Hakunikatisha. Nilipofika mwisho alisema, "Rudia pale pa mkono wa yule mzee."

Nikarudia.

"Kwa hiyo si mama."

"Si Bibi, Shangazi. Ni mimi."

"Nilisema kitoke."

"Ulisema."

"Mkanicheka."

"Tulikucheka."

Jua lilihama kutoka kwenye goti lake hadi kwenye mkeka. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Na mimi sikujua. Nilisema kweli kwa jambo nisilolijua. Ningelijua ningekivunja kwa shoka." Alianza kulia, si kwa sauti. Alilia akisema mama, mama, kama mtoto anayeomba radhi. Simwandiki zaidi.

Baadaye alifukua tasbihi kutoka chini ya magunia na kuifuta mkaa. Alisoma hadi alasiri.

Baba ameambiwa. Amenuna, lakini amesimamisha cherehani mapema.

Jumapili, 17 Desemba

Mzee Kondo alinieleza kwamba mbao zile zisichomwe, moshi wake ni uleule. Zifukiwe mbali na kisima na bustani.

Leo asubuhi Shangazi alichukua jembe kabla yangu. Tulichimba nyuma, karibu na mwamba mkubwa, ambako hakuoti kitu. Udongo ni mgumu. Tulipokezana. Mama Fatuma alitokeza kichwa juu ya ua akauliza tunapanda nini. Shangazi akamjibu, "Muhogo. Ukiiva tutakuita."

Baba alikifungua kitanda kipande kwa kipande. Ukingo wenye alama za meno nilishusha mimi. Alama ni nne, ndogo, chini ya rangi niliyozifunika nayo mara tatu, bado zinaonekana ukiinamisha mbao kwenye mwanga. Korosho zote ziko sawa isipokuwa ile moja.

Tulipomaliza Shangazi alileta kopo la maji na kipande cha sabuni. Alinimiminia. Nikanawa. Alitazama mikono yangu pande zote mbili, kucha pia, akamimina tena.

Kisha akanipa kopo, akanyoosha mikono yake, nami nikammiminia.